Jina Lililobaki Uani

"Wamebweka, dada! Usinipambie maneno. Watu wazima na ndevu zao wamesimama uani kwako, wakabweka!"

"Hawakubweka."

"Wamefanya nini basi? Wewe si ndiye mkalimani? Haya, kalimani."

Mwatime alikuwa amesimama mbele ya sinki, mikono imezama kwenye povu, anasugua sahani ambayo ilikwisha kutakata zamani. Mezani sinia la pilau lilikuwa limeliwa vizuri, mpaka ukoko umeguswa. Lakini bakuli la halua halijafunuliwa. Birika la kahawa lilikuwa juu ya jiko, linanukia iliki na tangawizi, na vikombe vyake vidogo vimepangwa kwenye trei, vikavu. Hivyo vikombe ndivyo vilivyomchoma. Alikuwa hajawahi, tangu kuolewa mpaka kufiwa, kumwacha mgeni akaondoka nyumbani kwake bila kahawa.

Mdogo wake Shaame alikuwa anazunguka jikoni na kanzu yake ya posa, mikono nyuma, kama hakimu. Siku nyingine Shaame huendesha lori la mizigo. Leo alikuwa walii, msimamizi wa ndoa ya dada yake, na uwalii ulikuwa umempanda kichwani.

"Na kile kishoka!" akaendelea. "Mzee mzima anaingia kwenye fleti za watu, Lewisville, kishoka mkononi. Ofisi ya nyumba ikiuliza, utasema nini? Kaja kutupasulia kuni?"

"Ni fimbo yake, Mjomba," alisema Nahla, binti wa Mwatime, aliyekuwa amekaa juu ya kaunta na simu mkononi. "Ina kichwa cha shoka tu. It's their thing. Ubeid alishatuambia."

"Wewe nyamaza. Haya ni ya wakubwa."

"Nina miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo maana nikasema nyamaza. Ungekuwa mtoto ningekwambia toka."

"Shaame," alisema Mwatime bila kugeuka, "pua hiyo unayoipandisha, mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta. Teremsha sauti."

Sauti ikateremka, lakini maneno hayakuisha. "Nimesema tu kilichotokea. Wamekuja, wamekula, wamepiga kelele, wameondoka. Mungu katuonyesha mapema. Sasa yamekwisha."

Yamekwisha. Neno jepesi sana mdomoni mwa mtu ambaye jambo si lake.

Chakula cha mchana kilikuwa kimekwenda vizuri, hilo hata Shaame hakulikana. Ubeid alikuja kutoka Houston na ami yake, Mzee Zaid, na binamu zake wawili, wote watu wa milima ya kaskazini mwa Omani, kule majabali yanakosimama wima baharini. Walivua viatu mlangoni, wakakaa, wakala kwa adabu. Walipokwisha walinawa, wakafungua mlango wa kioo, wakatoka uani. Mwatime alidhani wanakwenda kupunga upepo. Kumbe walisimama duara, bega kwa bega, Mzee Zaid katikati. Mzee akainua mkono juu, akatoa ukelele kutoka tumboni, mrefu, na wale wengine wakamwitikia kwa sauti moja nzito ya kifua. Vioo vilitikisika. Mbwa wa ghorofa ya juu akaingia wazimu. Jirani mwenye mbwa, yule ambaye alikwisha kwenda kumshitaki Mwatime ofisini kwa kutwanga tangawizi, akatokea barazani kwake na simu imeinuliwa.

Na Mwatime, aliyeishi miaka katika nyumba za kuta nyembamba, alifanya kile ambacho mkono wake umezoea. Aliweka kidole mdomoni. Shh! Akavuta mlango wa kioo, akaufunga. Na kitasa akakiteremsha.

Ukelele ulikatika katikati. Ubeid akageuka, akamwangalia kupitia kioo. Hakuwa na hasira machoni. Afadhali angekuwa nazo. Alimwangalia kama mtu aliyeshuka kwenye basi akakuta si mji aliokuwa akiujua.

Kisha watu wanne wale walizunguka jengo zima peku, juu ya saruji iliyochemka kwa jua la Texas, mpaka mlango wa mbele, kufuata viatu vyao. Ubeid aliinama akamvalisha ami yake viatu. "Tumewasumbua majirani," alisema. "Tusameheni." Jina la Mwatime hakulitaja. Gari likaondoka.

Kweli Mwatime hakujua ule ukelele ni nini. Alikijua Kiarabu cha chuo, alikosomea diploma yake Unguja. Alikijua cha Maskati, cha taarifa ya habari, na cha wakimbizi wa Shamu anaowakalimania kila siku kwa vidude vya masikioni, chumbani kwake, kwa hospitali za Dallas na Houston. Kiarabu cha mlimani ndicho kilichomshinda.

Siku ya kwanza kukisikia ilikuwa kazini. Mama mmoja mzee kule Houston, amelazwa kwa maradhi ya moyo, alianza kusema na Mwatime akahisi kama kasikia lugha yake mwenyewe kupitia ukutani. Maneno aliyajua, lakini ncha zimemezwa. Herufi ya ain haikuwa ain, imelainika mpaka imebaki pumzi. Maneno mengine yalikuwa ya zamani hata hayamo kwenye kamusi yake. Mwanawe, aliyekuwa pembeni, alimwambia kwa upole, "Kisia tu, dada. Ukikosea nitakurekebisha."

"Siruhusiwi kukisia," Mwatime alijibu. "Mwombe mama arudie. Mara kumi, akitaka. Mimi nipo."

Kazi ile ina sheria zake. Simu ikikatwa, umekwisha. Huulizi jina wala hutafuti mtu. Mwatime hakutafuta. Lakini Idi iliyofuata alikwenda Houston kwa marafiki, na ukumbini, kwenye foleni ya chakula, aliuliza nyama ile ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Kijana aliyekuwa anapakua akasema, "Kisia, mama." Akamjibu, "Sikisii chakula." Mwanamume mmoja foleni ya pili akaweka sahani yake chini taratibu, akageuka.

"Mara kumi," alisema yule mwanamume kwa Kiarabu. "Alirudia mara kumi, na wewe ulikuwepo."

Huyo ndiye Ubeid. Fundi wa injini za meli bandarini Houston, mjane kama yeye, mwenye mvi zilizoanza pembeni. Zaidi ya mwaka sasa walikuwa wakizungumza kila jioni, kwanza kwa Kiarabu cha vitabuni, kama kila mmoja amevaa nguo ya kutokea. Siku moja Ubeid, kwa uchovu, akateleza akasema kwa kilugha cha kwao. Akaomba radhi. "Usiombe radhi," Mwatime alimwambia. "Rudia." Tangu hapo akawa anarudia. Kidogo kidogo ule ukuta ulianza kutoboka.

Na leo yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea kidole mdomoni.

Simu yake ilitetemeka juu ya kaunta. Nahla akaitazama. "Mama. Ni Bi Moza."

Mama yake Ubeid. Shaame akatikisa kichwa kusema usipokee. Mwatime akajifuta mikono, akapokea.

"Wamekula?" Bi Moza aliuliza, hata salamu hakuimaliza.

"Wamekula, mama."

"Wakaita?"

"Wakaita. Na mimi nikafunga mlango."

"Umefunga kabla ya jina, au baada?"

"Jina gani, mama?"

"La mwenye nyumba, mwanangu! Kwetu wanaume wakishiba huita, ili mlima wa pili usikie nani kawalisha. Jina ndilo la mwisho. Zaid amelifanyia mazoezi jina lako wiki nzima, hapa sebuleni. Mwa, Mwa, Mwa, ulimi unamkataa. Nimecheka mpaka kifua kikaniuma, nikadhani narudi hospitali."

Mwatime akakaa kwenye kiti.

"Ubeid kanipigia yuko njiani," Bi Moza akaendelea. "Hakusema kitu. Mimi nimemzaa, nikajua. Sikiliza. Hatarudi kubisha hodi mara ya pili. Si kiburi. Mlango ukifungwa, mgeni habishi, ndivyo tulivyomlea. Jumatatu ananipeleka kwetu Omani. Alisema akikubaliwa, ananifikisha, anarudi. Asipokubaliwa, kuna kazi bandarini kule, atabaki na mimi. Mimi ni mama yake, ningependa abaki. Lakini sitaki abaki na uso ule. Basi unasemaje?"

"Ndugu yangu anasema…"

"Sikumuuliza ndugu yako. Unasemaje wewe?"

Kutwa nzima kazi ya Mwatime ni kusema mimi. Mimi kifua kinanibana. Mimi nataka kurudi kwetu. Mimi sijaelewa, daktari. Ndivyo mkalimani anavyofundishwa, aseme kama yule anayemsemea, asijitie katikati. Mimi mia kwa siku, na hata moja si yake. Sasa ilipotakiwa yake, hakujua ameiweka wapi.

"Nitakujibu, mama," alisema mwishowe. "Lakini si kwa simu."

Alipokata ndipo alipogundua. Bi Moza alisema kwa Kiarabu chake cha mlimani, wala hakuombwa kurudia neno hata moja. Yote aliyasikia kama yalivyotoka.

Akainuka. Akafungua kabati, akatoa chupa kubwa ya chai, akaimimina kahawa ndani. Akafunga bakuli la halua kwa kitambaa. Vikombe akavipanga kwenye kikapu na karatasi katikati visigongane.

"Unafanya nini?" Shaame aliuliza.

"Nawapelekea wageni kahawa yao."

"Wageni wako barabarani!"

"Barabara ya Houston ni moja. Nahla, ulizia wamefika wapi."

"Nimesha-text," Nahla alisema, ameshashuka kwenye kaunta. "Wamesimama kuswali. Kituo cha mafuta, wamepita Corsicana. Ami Zaid magoti yanamuuma. Nimewaambia wasiondoke, kuna kitu wamesahau. Nita-drive mimi."

"Hakuna anayekwenda popote!" Shaame akasimama mlangoni. "Mwanamke hamkimbilii mwanamume njiani. Watu watasema nini?"

"Watu gani? Wale jamaa zetu wa mtaa wa Vickery Meadow wanaomaliza pilau yangu kila Idi, au huyu mwenye mbwa?"

"Mimi ni walii wako, dada!"

"Ndiyo, ni walii wangu. Kwa hiyo vaa viatu."

Alivaa. Alinung'unika, lakini alivaa.

Dallas ilipobaki nyuma, na majengo yakageuka malisho, Shaame alikuwa kiti cha nyuma na kikapu mapajani. Mwatime akamtazama kwenye kioo.

"Si kelele zilizokukera wewe," alisema. "Wewe harusi za kwetu unapiga ngoma mpaka polisi wanakuja. Sema."

Shaame akaangalia nje, kwenye ng'ombe. "Ukienda Houston," alisema, "nani ataniita kula?"

Nahla alitaka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha.

"Tangu mke wangu aondoke," Shaame akaendelea, "nikiegesha lori Ijumaa najua kuna taa inawaka kwako. Sasa naona watu wamekuja, sielewi wanachosema, wananichukulia taa yangu. Basi walipopiga ukelele nikashukuru. Nikasema, afadhali, wamejiharibia."

"Na mimi nikawasaidia kujiharibia," Mwatime alisema polepole. "Shaame, taa haiendi mahali. Mimi siolewi na mlima. Naolewa na mtu, na huyo mtu ana kiti cha ziada mezani. Ila ukitia mguu kwangu unanuna, utakula uko nje."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

Kituo kilikuwa kikubwa, malori yananguruma safu nzima, na pembeni kulikuwa na meza za mbao chini ya paa la bati. Mzee Zaid alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha. Ubeid alisimama alipoliona gari. Hakuja. Alisimama tu, mikono imelala ubavuni, kanzu yake inapeperushwa na upepo wa malori, macho yake yanamfuata Mwatime toka mlango wa gari mpaka alipofika karibu. Mwatime alihisi kila hatua yake inatazamwa. Hakuwa na kioo cha kujificha nyuma yake sasa.

"Tumesahau nini?" Ubeid aliuliza.

"Kahawa."

"Umeendesha mpaka huku kwa kahawa?"

"Kaendesha Nahla. Mimi nilikuwa natafuta maneno."

"Umeyapata?"

"Nusu." Akakaza mtandio. "Nilifunga mlango kwa sababu niliogopa jirani. Nimezoea kuishi kwa kunong'ona. Sikujua mnanitajia jina."

"Najua hukujua. Kosa langu, sikukwambia. Nilitaka ushitukie jambo zuri." Tabasamu lilimjia nusu, likarudi. "Mwatime, mlango si kitu. Milango ipo ya kufungwa. Ni kile kidole." Akagusa midomo yake mwenyewe. "Shuleni mwalimu alituwekea kidole hivyo tulipofungua mdomo kwa kilugha chetu. Maskati wakinisikia hucheka. Hapa kazini nasema Kiingereza, msikitini nasema cha vitabuni. Pa kusema chetu palibaki mahali pamoja tu, simu yako jioni. Nikajiuliza leo, basi hata nyumbani kwake nitanyamaza? Nitazeeka kwa kunong'ona?"

Mwatime alimtazama yule mwanamume, mvi zake, vumbi la safari kwenye ukosi, na akaona kwamba neno moja la haraka hapa halitatosha, hata likiwa tamu.

"Jioni," alisema, "ukiteleza ukasema cha kwenu, nikikwambia rudia, ulidhani nafanya kazi ya ukalimani?"

"Nilikuwa nadhani una subira."

"Sina subira. Muulize huyo." Akamwonyesha Shaame kwa kidevu. "Nilikuwa nataka kukusikia. Ndivyo ulivyo unaposema hivyo. Ukisema cha vitabuni, ni kama nazungumza na mtu uliyemtuma."

Ubeid akainamisha uso. Alipouinua, macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

Mwatime akamgeukia mzee. Akaweka kikapu mezani, akapanga vikombe, akafunua halua. "Ami Zaid," alisema, na alisema kwa kile Kiarabu cha mlimani, ncha zimemezwa, ain imelainika, kwa makosa pengine, lakini kwa sauti ya kawaida bila kunong'ona. "Nyumba yangu leo ni meza hii. Haina mlango. Kunyweni kahawa, halafu mmalize mlichoanza."

Mzee Zaid akamtazama. Akawatazama binamu. Kisha akacheka kicheko cha kukohoa, akanyoosha mkono kupokea kikombe.

Walikunywa. Walikula halua. Shaame aliachiwa nafasi kwenye benchi, akakaa, akapewa kikombe, akanywa. Walipomaliza Mzee Zaid alijikongoja akasimama, kile kishoka chake mkononi, na wenzake wakamzunguka bega kwa bega. Akainua mkono. Ukelele ukatoka, ukapita juu ya pampu za mafuta na malori, mrefu, unapanda, na vifua vikaitikia. Mama mmoja akashusha kioo cha gari atazame. Dereva wa lori akapiga honi mara mbili, kama anaitikia naye. Hakuna aliyeleta kidole mdomoni.

Kisha likaja jina. "Mwa…" mzee akakwama, akavuta pumzi, akalirudia kwa nguvu zake zote: "Mwatime! Binti Hamadi!"

Vifua vikaitikia.

"Na nduguye! Shaame! Mtoto wa Hamadi!"

Shaame akainua uso kwa ghafla. Alitazama kulia na kushoto, kama kuna Shaame mwingine. Vifua vilipoitikia mara ya pili, alivua kofia yake akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena upande.

"Na mimi wamenitia?" alimnong'oneza Nahla.

"Umewalisha na wewe, Mjomba. Mbuzi si ulinunua wewe?"

Shaame akasimama, akaikung'uta kanzu yake, akaja mbele ya dada yake. Safari hii hakuwa hakimu. Alikuwa mdogo wake Mwatime, pua imelowa.

"Dada," alisema, "mashahidi wapo. Mahari walishaitaja kabla hatujala. Walii nipo. Karatasi za serikali zina siku zake, lakini la Mungu halina foleni. Mwanamwali hunyamaza tukajua amekubali. Wewe si mwanamwali, lazima useme. Nikuozeshe, au nirudi nikaendelee kununa?"

Mwatime alimtazama binti yake. Nahla aliinua vidole gumba viwili, machozi yanamtoka. Alimtazama Ubeid, aliyesimama bila kusogea, kama anayesubiri mlango ambao hataubisha.

Akaitafuta ile mimi. Akaikuta pale pale, haikuwa imekwenda mbali.

"Mimi," alisema, na akaisikia ni yake, "mimi Mwatime nimekubali. Niozeshe."

Shaame akanyoosha mkono wake wa dereva wa lori, akaushika wa Ubeid mbele ya mzee na binamu zake, juu ya meza yenye makombo ya halua. Alisema maneno ya walii yote bila kukosea, na Ubeid akajibu amekubali, kwa kilugha cha kwao, kwa sauti.

Mwatime akammiminia mumewe kahawa iliyobaki. Kisha akatoa simu, akampigia Bi Moza kumpa jibu lake.